Kaboni ya Kumi na Tisa

Nagoya, Februari. Mimi ndiye mlinzi wa sumaku,
lile pipa kubwa jeupe la ghorofa ya chini
linaloguna usiku kucha kama mtu mwenye gesi tumboni.
Wenye shahada huniletea mirija myembamba,
naitumbukiza, nasubiri, nachapa karatasi.
Sisomi kemia. Nasoma vilima.

Mizuho alishuka saa nane za usiku,
mrija ameushika kwa vidole viwili
kama aliyebeba jino la mtoto.
Miaka sita ilikuwa humo. Hatua arobaini na moja.
"Kiasi gani?"
"Miligramu mbili na kidogo.
Nilianza na ndoo ya sukari."

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba.
Hawakuwahi kupika molekuli.
Huku haba na haba humaliza kibaba:
kila hatua inadai ushuru wake,
nusu imegandia kwenye kuta za chupa,
robo imegeuka lami ambayo hakuna aliyeiomba,
na mwaka wa tatu, tetemeko la sekunde nne
likaangusha rafu,
miezi mitano ikamwagika sakafuni.

Asili yake ni sifongo, kidude cha rangi ya kutu
kisicho na mdomo wala jicho.
Bi Shigeno Nakaura, mpiga mbizi wa Toba,
alipooneshwa picha alicheka:
"Hicho? Hicho hata pweza hakigusi."
Ndiyo maana. Asiye na miguu ya kukimbia
hujifunza kupika sumu.
Kilo mia tatu zilisagwa, zamani,
zikatoa punje isiyofunika ukucha;
punje ikagusa seli za saratani kisahanini,
nazo zikasahau kugawanyika.
Kisha ikaisha.
Kilichobaki ni mchoro,
na mwamba mtupu.

Nikachapa. Nikaweka karatasi yake juu ya ile ya zamani,
nikaziegemeza dirishani, kwenye taa ya barabara.
Kilima juu ya kilima. Mapacha.
Isipokuwa kimoja, kilichosogea
kadiri ya unywele.
Mizuho alikiona kabla yangu.
Alivua miwani, akauliza kama kuna chai.

Siku tisa walimtafutia kosa.
Profesa Hatakenaka alirudia hatua ya ishirini na nane
kwa mikono yake iliyozoea kalamu,
akaunguza kidole kwa barafu kavu.
Hakuna kosa.
Kosa lilikuwa kwenye mchoro.
Walioisoma ile punje, kwa mashine dhaifu kuliko yangu,
waliandika kaboni ya kumi na tisa ni ya kushoto.
Ni ya kulia.
Miaka sita Mizuho alijenga, tofali kwa tofali, bila dosari,
nyumba ya mtu asiyekuwepo.
"Ni ya kulia," alirudia, "ni ya kulia,"
nami sikujua tena kama anataja upande
au anataja kazi iliyobaki.

Akarudi hatua ya ishirini na tatu.

Agosti ya mwaka uliofuata, nyenje wakipiga kelele nje
hadi sumaku haisikiki,
vilima vyote vikakaa mahali pake.
Hakuna aliyeruka. Nilipiga makofi peke yangu,
nikaona haya.

Chupa imekwenda Osaka, kwenye visahani.
Sijasema dawa.
Kati ya kisahani na kitanda cha mgonjwa
kuna njia ndefu, na molekuli nyingi nzuri zimezikwa kandokando yake.
Bi Shigeno alituma kadi: je, sasa mtakiacha kile kidude mwambani?
Mizuho alijibu kwa neno moja.
Tutakiacha.

Mrija wa kwanza, ule wa kushoto, ninao kwenye droo
pamoja na betri na risiti za chakula.
Haukutakiwa na mtu, wala bahari haikuwahi kuuwaza.
Usiku wa zamu ndefu huutoa,
nauinua kwenye taa.
Ni mweupe. Hauna hatia yoyote.