Namba Themanini na Sita

Ilipanda ngazi nne mikononi mwa vijana wawili wa Luthuli,
imevikwa blanketi la mtoto,
na muuzaji alikuwa ameniapia, kidole juu:
"Hii ni plasma ya ng'ambo, mzee. Hii haifi."

Siku tatu ikaishi.
Ya nne, katikati ya taarifa ya saa moja,
ikasema tak,
tak moja tu, kama mtu aliyekumbuka jambo,
ikafumba.
Kikabaki kitaa chekundu kinakonyeza:
mara saba, kimya. Mara saba, kimya.

Bosibori akasema rudisha.
Nikamwonyesha risiti: mali ikiuzwa hairudi,
na muhuri wa samawati uliofuta nusu ya jina langu.

Basi Jumapili, jirani zetu wako kanisani,
nikailaza kifudifudi juu ya godoro
kama mgonjwa wa mgongo.
Skrubu ishirini na tatu.
Kerubo alizihesabu ndani ya kifuniko cha siagi,
akapata ishirini na mbili,
akahesabu tena.

Nikampigia Kisilu, fundi wa redio kule Kariobangi.
"Umechomoa?" Nimechomoa.
"Usiguse bado. Kuchomoa si kuua.
Mle ndani umeme umejibanza, unangoja kidole chako.
Kunywa chai. Kikombe cha pili kikipoa, ndipo uguse."

Tukanywa chai, mimi na mwanangu,
tukiuinamia ule mji wa kijani:
barabara za shaba, matangi, mapaa ya bati,
vumbi la nyumba tusiyoijua
na mende mmoja, mkavu, miguu juu.
"Baba, huyu naye alikuja na pasipoti?"

Kapasita mbili zilikuwa zimevimba utosi
kama maandazi yaliyozidishwa hamira.
Moja shilingi thelathini.
Sitini zote mbili! Na mimi nimetoa elfu kumi na tatu.

Nilipokuwa nalehemu, Kisilu yuko kwenye spika,
akanieleza jambo ambalo sikuwa nimemwuliza:
kioo hiki hakina taa mgongoni.
Ni vyumba, mzee, maelfu kwa maelfu,
kila kimoja na hewa yake kidogo,
kila kimoja kinajiwashia.
Nikaziona ploti za Pipeline usiku stima ikirudi,
ule ukelele mmoja kutoka madirisha yote.

Saa kumi na mbili jioni nikachomeka,
nikasimama mbali, nimevaa ndara za mpira.
Tak.
Tukangoja.
Tak ya pili, ikaguna, ikajaa weupe mtupu,
na ndani ya weupe, kabla ya picha yoyote,
tukaona maandishi yaliyounguzwa kiooni,
hafifu, kama alama ya pete kwenye kidole kilichoivua:

NAMBA 86
DIRISHA LA 4

Bosibori ndiye aliyecheka wa kwanza.
"Ng'ambo gani hiyo wanasema Kiswahili?"
Ng'ambo ya barabara, labda. Hospitali fulani, ofisi fulani,
benchi fulani iliyosuguliwa na sketi za watu.

Mama hakucheka.
Amekuja kutoka Nyamira kupimwa goti, wiki ya tatu hii.
Alisogeza kiti chake karibu na kioo,
maana Julai ni baridi na kitu hiki kinatoa joto kama jiko,
akaweka viganja mbele yake.
"Mimi nilikuwa na tisini na kitu," akasema.
"Walifunga dirisha nikiwa nimekaa."

Picha ikaja. Msomaji wa habari
alisoma bei ya unga akiwa na 86 kwenye paji la uso,
na hakuna aliyemwambia.
Skrubu moja iko kwenye kifuniko cha siagi hadi leo;
sijui ilitoka wapi.

Saa tatu usiku mita ikaanza kulia, tokeni zinaisha.
Nikainuka kuizima.
"Acha," Mama akasema, macho hayajabanduka kiooni.
"Bado hawajaniita."