Mifuko ya Posta, Ghorofa ya Tano

Tone la kwanza liliangukia shati langu la arusi ya mpwa wangu,
la pili likapiga kola. Maji ya rangi ya chai iliyolala,
yakinuka msitu.
Nikapanda ngazi na shati mkononi
kama mtu anayepeleka hati ya mashtaka.

Skaidrīte hakuomba radhi.
"Nishikie hapa," akasema, akanipa mdomo wa mfuko:
turubai la kijivu, nembo ya tarumbeta imefifia ubavuni,
ule ule aliozunguka nao miaka thelathini na moja
mitaa ya Daugavpils, mbwa wakimjua kwa hatua.
Mitatu ilikuwa pale roshanini. Walipomstaafisha
hakuna aliyemdai airudishe.

Chini aliitoboa kwa msumari wa moto.
"Kiazi hakipendi kulowa miguu."
Udongo aliupandisha kwa lifti usiku, ndoo kwa ndoo,
na mfuko kaukunja mpaka chini, kama soksi.
Shina likichomoza shubiri moja, analifukia,
anakunjua pindo, analifukia tena.
Hulionei huruma?
"Ukiliacha litambe juani litakupa majani.
Majani nitayachemsha?"

Sikukusudia kurudi. Nilirudi.
Juni nikawa mjaza kopo. Julai nikajua
kiu ya udongo wa juu si kiu ya udongo wa ndani:
zamisha kidole mpaka kifundo cha pili, ndipo useme.
Maua yakatoka, meupe, vitovu vya manjano.
Msimamizi wa jengo akaandika barua mbili kuhusu uzito.
Skaidrīte akazigeuza kwa jicho la fundi:
"Stempu kaibandika upande."

Septemba majani yakalala. Tukatandika pazia kuukuu
tukapindua mfuko wa kwanza.
Kishindo, vumbi, halafu kimya.
Viazi kumi na saba,
kimoja ukubwa wa kifungo cha shati.
Wa pili: tisa, na kiwavi mnene asiye na haya.
Wa tatu ulikuwa umeoza wote.
"Kuna barua hazifiki," akasema, akachukua ufagio.

Nilishuka na sita ndani ya kofia.
Nikavichemsha na maganda yake, chumvi, siagi kidogo,
nikala nimesimama, jikoni, dirisha limejaa mvuke.

Doa la shati halijatoka.
Leo ameifua mifuko, ameianika juu yangu, inachuruzika.
Nimezisogeza nguo zangu
nusu ya kamba.