Kigawanyo

Saa nne usiku. Mbale imelala isipokuwa mbwa wa posta,
na mimi, na fomu ya Maseno:
shahada ya uzamili, takwimu na mbinu za utafiti wa elimu.
Chini kabisa, mistari kumi na miwili mitupu.
"Eleza kwa ufupi unachotaka kutafiti."

Kwa ufupi.

Nimeanza na pesa, kwa kuwa pesa hazina haya.
Ada ya muhula. Nauli ya kila Jumamosi.
Kompyuta kuukuu ya Endoshi, ambayo herufi P haibonyezeki
(sam-uli, naandika, Kiswahili kitanisamehe).
Mkopo wa sako, miezi thelathini na sita.
Bonasi ya majani chai ya mama, akiitoa,
na hajasema atatoa.
Nikijumlisha, hazitoshi. Nikijumlisha tena, hazitoshi vilevile,
jambo ambalo wataalamu huliita uthabiti.

Wifi yangu Vugutsa aliniuliza juzi akimenya ndizi:
"Hesabu umefundisha miaka kumi na mmoja. Hazijaisha tu?"
Nikacheka. Hazijaisha, mama Kisia.
Kuna moja.

Mwaka juzi shule yetu ilipanda,
kutoka nne nukta tisa hadi sita nukta moja.
Tulichinja fahali. Isukuti ilipigwa kutoka langoni hadi jikoni,
naibu wa mwalimu mkuu akapoteza kiatu,
na mimi nikatunukiwa blanketi,
kwa kuwa somo langu ndilo lililoruka juu zaidi.
Ni blanketi zuri. Ndilo nililojifunika sasa hivi.

Lakini wastani una ghorofa mbili:
juu alama, chini watu.
Na katika karamu ile yote, hadi mifupa ikatupwa,
hakuna aliyeulizia ghorofa ya chini.

Niliyafungua madaftari ya mahudhurio, usiku wa mvua.
Kidato cha tatu, muhula wa pili: sitini na wawili.
Chumba cha mtihani: arobaini na wanane.
Hakuna msiba. Hakuna barua ya uhamisho.
Ni mistari tu ya wino mwekundu, imenyooshwa kwa rula,
na pembeni neno "ameondoka", mara kumi na nne,
kwa mwandiko ambao, niseme?,
ni mwandiko wangu.

"Mzazi aelezwe amtafutie kijana kituo kingine."
Ndivyo tulivyoambiwa kikaoni. Chai ilikuwa moto.
Nikapiga rula.

Nimeandika: Athari za. Nimefuta.
Uchunguzi wa uhusiano kati ya. Nimefuta.
Kitabu nilichoazima kinataja dawa kadhaa za data iliyokosekana:
jaza pengo kwa makisio,
tupa safu nzima,
au chukulia kwamba ilikosekana kwa bahati tu.
Kwa bahati!

Jumatano, soko likiwa limefurika, nilimpitia Mudoga
kule juu kwenye majabali, anakoponda kokoto kando ya barabara.
Nikamuuliza kwa siku anajaza madebe mangapi.
"Kumi na sita, mwalimu. Ila usichanganye siku za mvua na za jua,
zitakudanganya. Na jiwe jeusi lihesabu peke yake,
lile halina mwenzake."
Huyu ndiye tuliyeogopa atatushusha.
Akapangusa vumbi kwenye nyusi, akanitazama begi, vitabu:
"Kwani wewe bado unasoma?"

Bado, nikasema.

Umeme umepepesa mara mbili, umerudi.
Mbwa wa posta amenyamaza.
Kwenye mstari wa kwanza, bila athari wala uhusiano,
nimeandika kwa kalamu, nisiweze kufuta:
Walikuwa sitini na wawili.

Imebaki mistari kumi na mmoja.