Daftari la Sabaki

Nyevu ana kijiko cha mbao na mifuko ishirini,
na kazi ambayo mavyaa wake hajamtajia jirani hata mmoja:
huokota mavi ya kiboko.

Alfajiri, ng'ambo ya daraja, upande wa Mambrui,
anachota, anafunga, anaandika tarehe.
Jioni, katika chumba cha nyuma ya zahanati,
hadubini humfumbulia jicho lake moja
na mayai ya minyoo yakamtazama:
duara, duara,
moja lenye kofia.

Mwaka wa kwanza, arubaini kwa kijiko.
Mto ulikuwa mpana. Kila kiboko na dimbwi lake,
kila mnyoo na kiboko wake.
"Sasa hao wanaumwa?" akauliza Ngumbao, mwenye mbuzi.
"Wamezoeana. Kama mimi na mavyaa."

Kisha vuli ikakosa, masika yakaja nusu,
na huko juu pampu zikalala zikinyonya.
Viboko kumi na wanane, dimbwi moja,
ubavu kwa ubavu,
wakinywa pale pale walipokunya.
Mia tatu kwa kijiko. Mia sita.
Konokono wakashika kila jani la ukingoni,
na mbuzi wa Ngumbao, waliokosa pa kunywa pengine,
wakashuka nao,
wakapiga magoti, wakanywa.

Bahari ilipouona mto umelegea, ikapanda.
Chumvi ikafika hadi kwenye magugu.
Magamba ya konokono, meupe, matupu,
yakavunjika chini ya kandambili zake kama vigae vya chai.
Ishirini kwa kijiko.
Matatu.
Sufuri.

Simu ikalia kutoka mjini Malindi:
"Hongera! Kumbe wamepona!"
Nyevu aliibana kwa bega, akihesabu mifuko.
Kumi na tisa haikuwa imefunguliwa.

Kikulacho ki nguoni mwako, tuliambiwa,
tukafundishwa kuikung'uta nguo.
Hatukuambiwa, nguo ikipotea,
kikulacho kinakwenda kulala wapi.

Kwenye safu ya sufuri akaandika, kwa penseli,
*hapana wa kuliwa*,
akafunga daftari.

Akapita kwa Ngumbao kuaga.
Beberu mmoja alikuwa amesimama kando na wenziwe,
hali, hachezi,
kidevu kimevimba maji kama mfuko uliofungwa vibaya.
Nyevu akainama nyuma yake na kijiko.

Jioni, mezani:
duara, duara,
moja lenye kofia.