Kigezo cha Tatu

Niliandika: "uzito: namba." Nikalala.
Kumbe Nyanjige, mwaloni Kirumba,
alijaza dagaa kwa sado,
Masalu wa Igombe kwa kilo,
na programu ikajumlisha vyote bila kukohoa.

Leo umeme umerudi saa nane usiku.
Nafungua faili, kigezo cha tatu, naandika:
"uzito: kwa kilo, dagaa wakavu.
Usipopima, acha wazi.
Usiweke sifuri."

Maana sifuri ni mtu
aliyekesha ziwani na karabai
akarudi na nyavu zenye maji tu.
Wazi ni mzani uliokufa betri,
au Jumatano ile ya msiba kwa kina Majula,
hakuna aliyeingia majini.

Bado kigezo cha nne: tarehe.
Ya usiku wa kutoka,
au asubuhi ya kurudi?