Irabu ya Maji

Kesho, saa kumi alfajiri, basi.
Siku tatu tu, alisema mkufunzi: mkaone zahanati,
mkaone kitanda mtakacholalia miaka miwili,
mrudi na ripoti ya kurasa mbili.
Nimekunja suruali, nimezikunjua, nimezikunja tena.
Chati ya mikono nimeiviringisha ndani ya taulo isilowe.
Vidonge vya minyoo havimo. Hivyo ni vya wauguzi;
mimi ni wa maneno.

Na maneno ndiyo yanayonishinda.

Kwetu maji ni silabi mbili,
mtoto huyaomba kabla hajajua kusimama.
Hapa Paraguai, kwa Kiguarani,
maji ni irabu moja, tupu,
haina hata konsonanti ya kushikia.
Huandikwa y,
na hutokea mahali fulani kati ya koo na kitovu
ambapo mimi sijawahi kufika.

Wiki ya tisa sasa naitafuta.
Nikisema i, Derlis hucheka hadi mpira unamponyoka.
Nikisema u, anaita mbwa aje asikie.
Ña Eulogia hacheki. Anamenya muhogo
kwa kisu kilichokwisha kwa kunolewa,
ananiambia: tanua midomo
kama unayemtabasamia mtu usiyempenda,
kisha sema u.
Nasema.
Mbwa anaondoka.

"Utawafundisha nini huko," anauliza,
"na hujui hata kuyaita?"
Namwonyesha daftari. Chemsha. Funika.
Teka kwa kata yenye mpini, usitumbukize mkono.
Anasoma polepole, kidole kikifuata mstari,
kikiacha weupe wa muhogo kila kilipopita.
"Sahihi," anasema. "Kama barua ya benki."

Kisha, macho yake bado kwenye kisu:
"Ukifika, usifungue mkoba.
Watakukalisha kivulini, watakupa pembe ya terere,
maji ya barafu juu ya majani,
mrija mmoja wa chuma kwa midomo yote.
Utafikiria vijidudu. Najua, nyote mnaokuja hufikiria.
Kunywa. Rudisha. Nyamaza.
Ikikuzungukia, kunywa tena.
Usiseme asante. Hapa asante ni imetosha,
ukishaitamka pembe itakuruka,
na aliyerukwa atasikia nini tena?
Uliza mvua. Uliza nani kajifungua.
Kisima chao kitajitaja chenyewe."

Ninaandika pembeni mwa ukurasa: usishukuru mapema.

Kwetu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Nimehesabu; ziara ni siku tatu.
Na jembe langu ni karatasi yenye mikono miwili inayooshwa,
wa kushoto una vidole sita.
Niliuchora mwenyewe usiku umeme ulipokatika,
nimegundua leo, na wino haufutiki.
Nilitaka kuichana.
Derlis akasema iache:
watahesabu, watabishana,
wakibishana hawataondoka.

Usiku nimeamka, koo kavu.
Paa la bati linapoa, linalia tik, tik.
Juu ya mkoba wangu kuna kitambaa kilichofungwa fundo,
ndani chipa mbili, bado zina joto la tanuri;
sikumsikia alipoziweka.
Natafuta mtungi gizani, nagonga kiti,
kiti kinagonga sufuria,
na kwa kiu, bila kufikiri,
koo linajibana, na neno linatoka.

Kimya.

Kisha nyuma ya pazia, sauti ya Ña Eulogia,
nzito kwa usingizi:
"Bado.
Lakini ningekuletea."