Namba 417

Juni, Iringa. Ukungu umelalia Gangilonga,
saa nne sasa na haujabanduka.
Stoo yetu ni chumba cha nyuma, dirisha moja,
nami nimefikia droo ya tisa.

Kopo la biskuti. Pamba iliyogeuka kahawia.
Ndani, kigae cha jiwe, nusu ya kiganja,
na karatasi ya taipureta: Misri. Alabasta. Bakuli.
Kiliachwa na mjane wa shamba la chai, Mufindi,
siku alipofunga masanduku.
Yeye alikipata wapi, karatasi haisemi.

Nakiinua dirishani. Mwanga unapita.
Jiwe, na mwanga unapita!
Mistari yake ni chai na maziwa
kabla kijiko hakijaingia.
Kwa ndani mikwaruzo, duara juu ya duara:
mtu alikaa akasokota mchanga
hadi jiwe likakubali kuwa na tumbo.
Mama, kule Ludewa, alisaga ulezi miaka thelathini,
jiwe lake likabonyea vivyo hivyo,
ila yeye hakuwa anatengeneza bakuli.

Nalaza ukingo juu ya chati ya miduara:
sentimita kumi na nne.
Kipande cha mdomo hukwambia mdomo wote.
Hakikwambii nani aliunywea.
Na wenzake? Droo nyingine, miji mingine,
kila kimoja na namba yake, na pamba yake,
kama ndugu waliogombea mirathi
wasiosalimiana tena.

Tupokigwe anaingia na ndoo ya kudekia.
Kwao ni Ikombe, ziwani;
wanawake wa kwao hukua na udongo kuchani.
Anakausha mikono kwa khanga,
anapitisha kidole gumba kwenye mvunjiko.
"Hiki hakikuanguka. Kimepigwa. Ona hapa, kwa ndani."
Kisha, kama anayetaja bei ya mchele wa Kyela:
"Bibi alipofariki tulikitoboa chungu chake kitako.
Kizima kingebaki kwetu.
Yeye angepikia nini?"

Fomu ina safu: Hali.
Mara mia nne na kumi na sita
nimeandika Pungufu bila kuinua kichwa.

Baridi imeingia vidoleni. Tupokigwe anatoka
kuomba moto kwa mchoma mahindi,
anarudi na makaa matatu
juu ya gae la chungu cha kwao,
akilipuliza polepole, midomo imechongoka.

Nasogeza kiti. Safu ingali tupu.